Jina Halikutoka

Mkono uliotokea kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia ulikuwa wangu. Mkubwa kama mlango, na vile vidole viwili vilivyoshikana tangu moto wa kukaushia samaki uliponiunguza kule ziwani, Tchomia.

Chini yake wameandika: "Mama wa miaka 72, mtaa wa Rwambuzi."

Yule binti mtafiti alikuja nyumbani mwezi wa tatu, kuuliza namna siye wazee tunaishi. "Mama, sema yote," aliniambia. "Jina yako haitatoka." Nikasema yote. Akaomba kupiga picha ya mkono tu. Nikampa.

Leo ametuita, wazee pamoja na watu wa nyumba zetu, tusikilize matokeo ya utafiti wake. Akashika kipaza sauti, akasoma maneno yangu bila hata kuona haya:

"Muke ya mutoto wangu anaosha sahani yangu mbali na za wengine. Kwa ile nyumba, wananingojea tu nikufe."

Watu wakaguna. Jina, ni kweli, halikutoka.

Kando yangu Solange, mke wa mwanangu, aliacha kujipepea. Niliuficha mkono chini ya kikwembe nilichojifunga. Kule mbele yule binti alikuwa ananitabasamia, kama mtu aliyenitendea wema.

Solange aliutazama ule mkono ukutani. Kisha akanigeukia.

"Mama, leta mukono," akasema, kwa sauti ileile ya kila asubuhi anaponipakaa mafuta kwenye vile vidole.