Kofia Zaonekana Sebuleni kwa Bi Kidawa

Bi Kidawa alikuwa ameshawatumia washona kofia wenzake wote anwani aliyoiona kwenye kompyuta ya binti yake. "Fungueni muone tovuti aliyotutengenezea Salha wangu!" Sasa walikuwa wamejaa sebuleni kwake, na simu zote hazionyeshi kitu.

"Tovuti iko wapi, imekwenda kuoga?" akauliza Bi Mize. "Nilisema mimi, kazi hii tumpe fundi wa barabara kuu."

Wakacheka. Bi Kidawa akamtazama binti yake.

"Mama, bado sijaipandisha mtandaoni," akasema Salha. "Naijaribu kwanza humu kwenye kompyuta yangu. Anwani uliyowatumia inaiambia kila simu ijitafute yenyewe, si kompyuta yangu."

"Kwa hiyo hatuoni?"

"Mtaona, Bi Mize. Ila humu ndani tu."

Akawaunganisha na waifai ya nyumba, akawasomea anwani nyingine, tarakimu kwa tarakimu.

Wa kwanza kuifungua alikuwa Bi Mize. Kofia yake ya nyota ilijaa kioo kizima, kila tundu la sindano linaonekana, na jina lake chini. Akatoka mbio kumwonyesha mumewe. Kufika njiani, akabonyeza kofia ya pili, ukurasa ukagoma. Akarudi anahema.

"Kazi mpeni mtoto! Na huyu mzee wangu nampigia aje hapa hapa."

Wengine nao wakaanza kupiga simu. Bi Kidawa akasimama mlangoni, kidevu juu, akimpokea kila anayefika.

"Karibu, pita ndani. Mjini kote inaonekana kwangu tu."