Matuta Saba

Kila Jumapili jioni Sekela alimsuka bintiye Atu matuta saba, akiyahesabu kwa sauti. Jumapili hii alifika tatu, akanyamaza.

"Mama, umesinzia?" Atu alicheka.

"Baada ya tatu ni ngapi, mwanangu?"

Atu akaacha kucheka. Ijumaa, shuleni, yeye na mama yake walivalishwa kofia za waya, na hesabu karibu zote za mama zikahamia kwake. Ndivyo watoto walivyosomeshwa siku hizi, kwa kuwa walimu hawakuwapo tena. Alichojua mzazi kilimtoka, kikaingia kwa mtoto, wala hakikurudi.

"Ni nne," akasema.

"Haya, nne. Usinicheke, mimi sasa ni darasa la chekechea." Sekela akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi. "Na kesho ni zamu ya kusoma. Utakuwa unaninong'oneza maneno ya nyimbo kanisani, eti?"

Majibu yote ya hesabu Atu alikuwa nayo kichwani, ila hakujua hata moja lilivyopatikana. Akageuka ghafla, tuta likafumuka mikononi mwa mama yake.

"Mama, sitaki unipe kusoma. Nataka unifundishe."