Ndoo ya Shamimu

Ndoo ya Shamimu ilikuwa tamu. Za wenzake wote, chumvi tupu. Na kisima ni kimoja, kamba ni ile ile.

"Dawa hiyo!" Sabiha alitema maji chini. "Tangu aolewe hapa Kizota, chai yangu inamwagwa. Yake inapangiwa foleni."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, kila kibaraza kimegeuka mgahawa, na mafundi wa gereji wote wamehamia kwa Shamimu. Asubuhi hiyo wanawake wa mtaa walikizunguka kisima. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mbwana, aliletwa hata uji hajanywa. Shauri lilikuwa fupi: Shamimu aitoe dawa yake, ama adhuhuri imkute kwenye basi la kurudi kwao Pangani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, binti."

Shamimu hakulia. Alifunga kwenye kamba kibuyu kidogo anachojazia ndoo yake.

"Nyinyi mnatupa ndoo kama mnaua nyoka. Maji ya chumvi ni mazito, hulala chini. Matamu hukaa juu. Kwetu mto unapokutana na bahari, maji yakijaa, bahari hupita chini kwa chini ikaupanda mto, na maji ya mto yako juu yake. Mama zetu huteka juu juu, taratibu. Ukikoroga, umekosa yote."

"Bahari ya Dodoma hiyo!" Sabiha alidakia. Watu wakaangua kicheko. "Kisima hiki alichimba babu yangu. Kilikuwa kitamu mpaka kwenye tope."

"Ukame, dada. Mvua zimekuwa chache."

Aliteremsha kibuyu kama anayelaza mtoto mchanga, kikalala ubavu juu ya maji, akakivuta. Mzee Mbwana akaonja, akaonja tena. Sabiha alikunywa mafunda matatu. Kisha akaitupa ndoo yake mwenyewe, chubwi! Akaonja. Uso ukamkunjamana.

"Ya Rabi," alisema. "Na mimi nimemsema mtoto wa watu mtaa mzima."

Mzee Mbwana akakata shauri: kuanzia leo ndoo marufuku. Shamimu atawatekea wote, na kila nyumba itamlipa kwa jasho lake. Sabiha akamkumbatia mbele ya watu, akamsindikiza hadi mlangoni.

Ndani, mumewe Harithi alikuwa amekwishafunga mizigo.

"Tunaondoka?"

"Wamenipa kisima."

Harithi alishusha pumzi, akaketi juu ya gunia lililokuwa uvunguni, sasa limevutwa katikati ya chumba.

"Basi chumvi hii iliyobaki tuipeleke wapi?"

Shamimu alivua ushungi, akajimiminia chai.

"Masika bado miezi mitatu. Kila alfajiri kibaba kimoja kisimani, kama kawaida."