Meno ya Teddy

Ngumi ya kwanza ilimpata Merle Haskett mdomoni akiwa bado anacheka.

Alianguka na kiti chake. Bia ilimwagika mezani, na hata pale sakafuni, chali, macho yake yalikimbilia kadi zisije zikalowa. Lee Prusak aliziwahi. Alizisogeza taratibu hadi pakavu, kisha akazunguka meza na kumpiga Merle teke la mbavu.

Muda mfupi kabla walikuwa wanataniana. Kila Jumapili mchana, Doreen akienda kwa dada yake, mumewe Merle na rafiki yake Lee walishuka chumba cha chini ya nyumba, kila mmoja na albamu yake, kubishania seti ipi ya kadi za zamani za besiboli, zenye picha za wachezaji, ilikuwa bora. Lee alishikilia ya mwaka 1952. Merle alikuwa mtu wa 1955.

"Wachezaji wako wamepakwa rangi kama maiti wanaoenda kuzikwa," Merle alisema.

"Na kadi zako zimechapwa kwa ubavu. Kutazama albamu moja mpaka shingo ipinde?"

"Wivu tu, mzee. Kwa nini hukuikusanya na wewe?"

"Niliianza utotoni. Ikabaki kadi moja, nikaichukia yote."

Ndipo Merle akacheka, akachomoa kadi kutoka ukurasa wa mwisho. "Basi tazama hii. Mbovu, lakini nimeiweka kujaza pengo mpaka nipate safi."

Alikuwa Gus Pelletier, mdaka mpira. Kadi ilikuwa na mkunjo katikati, alama ya kibanio cha nguo. Watoto wa enzi hizo walibana kadi kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu lingurume kama pikipiki. Kwenye pembe moja kulikuwa na alama za meno madogo.

Lee aliigeuza mara moja tu.

"Hayo ni meno ya Teddy," alisema sasa, akiwa amemsimamia Merle. "Kila kadi aliyoipenda aliing'ata, asiibiwe."

Merle alikijua kisa cha Teddy. Mji mzima ulikijua. Mdogo huyo wa Lee, bado mtoto, alikutwa amekufa nyuma ya kiwanda cha barafu, fuvu limepasuka, baiskeli imemlalia. Kibanio kilikuwa bado kwenye gurudumu, ila kadi haikuwepo. Hakuna aliyekamatwa. Tangu ukubwani, kwenye kila mnada na kila maonyesho kutoka Toledo hadi Pittsburgh, Lee aliulizia kadi hiyo moja, na watu walimhurumia. Ila habari ya meno ilikuwa ngeni kwa Merle, na uso wake ulibadilika alipoisikia.

"Umeipata wapi?" Lee aliuliza.

"Sikumbuki."

Lee alitungua gongo la besiboli lililotundikwa ukutani, akalishusha kwenye goti la Merle. Goti lilibonyea ndani. Merle alipiga yowe, akatapika bia juu ya shati lake.

"Umeipata wapi?"

"Ichukue, Lee. Ichukue uende. Nitamwambia Doreen nimeteleza ngazini."

"Sijakuuliza ya Doreen."

"Nikikwambia utaumia wewe kuliko mimi. Usinilazimishe, ndugu yangu."

Lee alimkanyaga vidole vya mkono wa kulia, ule wa kufunulia kurasa, akavisaga kwa kisigino mpaka vikaacha kujikunja.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Doreen je?"

"Doreen? Kwake hizi zote takataka. Si unamjua?"

"Hukumpelekea mtu aithamini? Pale klabu ya wakusanyaji?"

"Nani atathamini kadi iliyotafunwa?" Merle alijaribu kucheka tena. Jino lilitoka pamoja na damu, likamning'inia kidevuni.

Lee aliinua gongo usawa wa kichwa.

"Kwa mama yako," Merle alisema haraka.

Gongo lilisita.

"Wewe ulikuwa jeshini. Umemlaani miaka yote kwamba alizitupa kadi zenu. Hakuzitupa, Lee. Aliziuza uani, na mapazia na sufuria, zikiwa kwenye boksi la viatu. Mimi ndiyo kwanza nahamia hapa, sikuwajua, nikalinunua. Leo nilitaka nikwambie, nikurudishie zote, tucheke." Alivuta pumzi, kifua kikamkoroma. "Halafu ukasema habari ya meno. Sasa, kama kadi ilikuwa mle ndani mwenu, basi aliyeichukua alikuwa anakula meza moja na nyinyi. Ni baba yako, Lee. Hakuna mwingine. Ndiyo maana sikutaka kusema."

Lee alishusha gongo. Aliketi kwenye kiti cha Merle na kwa muda akaitazama kadi, akiifuta damu kwa mkono wa shati lake.

"Baba alikuwa kiwanda cha chuma siku ile," alisema. "Zamu ya mchana. Alikuwa mtu mpole, baba."

"Pole sana, rafiki yangu," Merle alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Naapa sitamwambia mtu. Nipigie simu hospitali tu."

"Na kweli hakuna mwingine aliyeiona?"

"Kweli tupu. Mimi na wewe tu."

Lee alifungua albamu, akairudisha kadi kwenye nafasi yake, akalainisha plastiki kwa kidole gumba. Kisha alisimama, akatemea mate viganja, akalishika gongo kwa mikono miwili, kama alivyoshika gongo jingine nyuma ya kiwanda cha barafu, Teddy alipokataa kumpa ile kadi ya mwisho.