Boksi Lenye Kamba ya Bluu

Hebu niambie, wewe ukikuta boksi limefungwa kamba nje ya chumba cha mfanyakazi wako, na mkataba wake unaisha mwezi huo huo, utafikiria nini?

Basi Madam Hessa naye alifikiria hivyo hivyo, akashika kifua.

Lilikuwa boksi kubwa la kadibodi, limezungushiwa selotepu mpaka likang'aa, na juu yake kamba ya bluu yenye mafundo ya mtu aliyezoea kufunga magunia ya viazi. Ukilibonyeza ubavuni, unahisi blanketi.

"Damaris anaenda kwao Kenya," alimnong'oneza mumewe, Abu Fahd.

Abu Fahd aliweka kikombe chini. Katika nyumba ile ya Malaz, pale Riyadh, hakuna mwingine aliyejua chumvi inakaa wapi. Dada yake Hessa aliwahi kuachwa na mfanyakazi, na watu walikula kuku wa kununua mpaka watoto wakawa wanalia wakiona kuku kwenye tangazo.

"Si umuulize?"

"Ukimwuliza mtu kama anaondoka, umeshamfungulia mlango."

Wakamwita Nahashon, dereva wao, naye Mkenya. Nahashon alilizunguka boksi, akaligonga kwa kidole.

"Kwa ukubwa huu, baba, watu wa ndege hawalipokei."

"Unaona? Amekusudia kweli," akasema Madam. "Nahashon, watu wa kwenu wanapenda nini?"

Nahashon alikuna kidevu. Kaka yake bosi alikuwa na lile gari la nyumba, lenye vitanda, jiko na choo humo humo ndani, na tangu linunuliwe Nahashon alikuwa ameruhusiwa kuliosha tu.

"Milima, madam."

Ndivyo walivyoondoka Riyadh vuli ile, joto likianza kulegea, kwa gari hilo la kuazima, wapitie milimani mpaka Jeddah wakimbembeleza Damaris abaki. Mwenyewe aliambiwa tu kwamba safari ni yake na atapumzika.

"Asante, madam. Lakini kuhusu lile boksi..."

Madam akamtia tende mdomoni. "Si sasa, habibti. Tutaongea tukifika Jeddah."

Na alipumzishwa kweli. Kwenye mbuga ya Asir, karibu na Abha, bosi alimchomea nyama kwa mkono wake mwenyewe. Ikatoka nyeusi nje, mbichi ndani, na Damaris akakwangua wavu. Madam akamwandalia chai, akavunja birika. Damaris akaokota vigae. Watoto walikatazwa kumwamsha, kwa hiyo asubuhi walijipanga kando ya kitanda chake wakimtazama usoni, kimya, mpaka akaamka akawapikia mayai.

"Unakula maisha, dada," Nahashon alimtania kupitia dirishani.

"Maisha gani na sinki imejaa? Hapa hata mlango wa jikoni hakuna, nijifungie."

Walipofika juu zaidi, msituni, ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuingia polepole katikati ya miti. Damaris alishuka na ndoo ya maji machafu. Nahashon alimwona akisimama, akigusa gome la mti mmoja, likichanika vidoleni kama nyuzi. Damaris akanusa kiganja chake.

"Huu ni mtarakwa," akasema. "Nguzo za boma letu kule Kinangop ni za mti huu."

"Na baridi ni ile ile," akasema Nahashon, mikono kwapani. Hakutania tena.

Siku hiyo chai ilichelewa, kwa mara ya kwanza tangu Damaris aajiriwe. Alirudi na macho mekundu, ndoo bado imejaa.

Madam alimfinya mumewe. "Analia kwa furaha. Tumempata."

Abu Fahd alikuwa amechoka kulala amekunja miguu na alitaka wateremke Jeddah moja kwa moja. Madam akakataa katakata. Kama mlima mmoja umefanya kazi hii, basi waongeze mingine. Wakapitia Baha, wakapitia Taif, kila penye ukungu wakasimama. Mahali fulani nyani alimpokonya bosi mkate mkononi, na Damaris akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hata hawa anawajua, ndio waliokuwa wakimaliza mahindi ya mama yake.

"Umependa?" Madam alimwuliza kila kituo.

"Nimependa, madam." Na kila mara alikuwa akisema kweli. "Ila kuhusu lile boksi..."

Tende nyingine.

Jeddah iliwapokea kwa jasho. Waliegesha karibu na bahari, watoto wakashuka kununua aiskrimu, na Madam akamketisha Damaris kwenye kiti kizuri, kile cha bosi. Akamwahidi nyongeza ya mshahara. Akamwahidi simu mpya na kila Ijumaa yake mwenyewe. Abu Fahd akaitikia kwa kichwa kila ahadi, kama mtu anayeposa.

"Yalla, Damaris, sasa sema. Siku zote una neno. Ulikuwa unataka nini?"

Damaris alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji.

"Nilitaka Nahashon anisaidie kushusha boksi, madam. Gari la kargo lilikuwa linapita Malaz. Ni blanketi za mama yangu, zilikuwa ziende kwa meli, kwa sababu nilikuwa nimeamua kukaa na nyinyi miaka miwili mingine."

Nahashon aliinamia usukani kana kwamba ameona nzi. Madam alifungua mdomo, na safari hii tende zilikuwa zimekwisha.

"Hilo ndilo nililotaka tukiwa Riyadh," akasema Damaris. "Sasa nataka kwenda kwetu."