Ligi ya Jumapili

"Hakuna mwanamke Nyamira nzima anayenishinda mimi kwa kutunza siri," bibi Nyamusi hupenda kusema. "Hii nimewaambia watu wa soko tu, na kina mama wa maombi, na dereva mmoja ambaye hata hakuniuliza."

Makori aliingia bila kubisha, kofia ya Chama kichwani, faili kwapani. Nyamusi alikuwa anakoroga uji wa wimbi. Hakuinuka.

"Magokoro, bibi yetu, hujambo."

"Sijambo, mwanangu. Kaa. Kiti hicho mguu wake ni mbovu, kaa kama mtu mwenye dhambi, polepole."

Makori hakucheka. Alikuwa katibu wa Chama cha Kriketi, na siku hizo watu wa Chama hawakuingia nyumba ya mtu kwa sababu ya kucheka.

Mwaka juzi Chama kilihamishia mechi zote Jumamosi. Wasabato wakaenda ofisini kulalamika. Wakajibiwa kwamba Mungu hajasajili timu. Basi wakaanzisha ligi yao, wakacheza Jumapili.

Chama kikatoa barua. Anayecheza ligi ya Jumapili amefungiwa maisha. Anayetazama, vivyo hivyo. Mtu wa nyumba yako akionekana pale, nawe umekwisha. Kuna mama aliyeuza mayai ya kuchemsha kando ya kiwanja, mara moja tu. Binti yake Ashley akafutwa mchezoni akiwa na miaka kumi na sita. Ashley alichoma glavu zake nyuma ya choo. Mpaka leo hasemi na mamake.

Sasa faili ilikuwa na jina la Nyanchera, mjukuu wa Nyamusi. Timu ya taifa ilimkumbuka kutoka mashindano ya shule, ikamwita kambini. Basi lingeondoka Alhamisi. Kilichobaki ni barua moja ya Chama ya kusema yeye ni safi. Bila hiyo angebaki kuchuma majani chai, kama mamake alivyochuma mpaka mgongo ukakataa.

"Jumapili alikuwa wapi?" Makori aliuliza.

"Hapa. Tulikuwa tunachambua maharagwe."

"Siku nzima?"

"Maharagwe yalikuwa mengi."

"Na wewe?"

"Mimi? Nitaenda wapi na magoti haya? Kriketi yenyewe siijui. Watu wazima kumi na mmoja wanasimama juani wakimngoja mmoja mwenye gongo. Mtu akiniambia wamerogwa, nitakubali."

Makori aliandika. Nyuma ya pazia la chumbani, Nyanchera alikuwa amesimama, hathubutu hata kukohoa.

"Kuna watu wanasema walimwona. Wanasema msichana mmoja alirusha mpira ukaingia hivi..." Mkono wake ukajipinda hewani, kiganja kikageuka juu, taratibu, vizuri kabisa. "...ukang'oa kijiti cha katikati. Wa kurusha hivyo Gusii hii ni mmoja tu."

Nyamusi aliutazama ule mkono.

"Nani amesema?"

"Nina watu wangu. Mimi mwenyewe sijakanyaga pale na sitakanyaga. Jumapili nilikuwa misa ya saa nne, Nyamira mjini, nikasoma somo la kwanza. Halafu nikaenda nyumbani nikalala. Uliza yeyote."

"Mungu akubariki."

Makori alikunywa nusu ya kikombe cha uji alichomiminiwa, akafuta mdomo, akatoa barua kwenye faili. Ilikuwa imeshapigwa muhuri. Sahihi tu ndiyo ilikosekana. Akafungua kalamu.

"Nataka kukuamini, Magokoro. Wacha nisome ripoti hii, tuimalize." Akasoma haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mazishi ya ukoo mwingine. "Jumapili, kiwanja cha Onsongo. Kiogoro dhidi ya Kenyenya. Mvua saa nane. Kiogoro wakapata mikimbio themanini na moja..."

"Themanini na tano," alisema Nyamusi, akipuliza uji.

Nyuma ya pazia Nyanchera alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Makori akafunga kalamu. Akaikunja ile barua mara mbili, akairudisha kwenye faili bila sahihi.

"Kumbe ulikuwako."

Nyamusi aliweka kikombe chake chini. Miaka sabini na miwili ameishi na huo mdomo, na leo umemuuza mjukuu wake kwa mikimbio minne.

"Umenidanganya nikiwa na uji wako mkononi," Makori akasema. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Na hata huko kudanganya hujui. Ni themanini na moja."

"Na tano."

"Na moja! Ile nne ya mwisho haihesabiwi. Mpira uligonga ng'ombe kabla haujafika kwenye kamba ya mpaka."

"Ulimpita."

"Ulimpita nini? Ulimgonga paja la nyuma, Magokoro, yule mwekundu mwenye pembe moja, mpaka akaruka!"

Nyamusi alivuta kikombe cha mgeni, akakijaza uji tena, polepole, mpaka juu kabisa.

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi, mwanangu?"