Upande Wangu wa Benchi

Nilifika juu kilimani bila kupumzika hata mara moja. Miguu iliyokuwa ikishindwa kunivusha barabara sasa ilinipandisha hadi makaburini, mikononi nimekumbatia maua ya manjano ya Siku ya Wafu.

Binti yetu alizikwa huko, nami nilibaki chini kwa sababu ya unene wangu. Kila Novemba mume wangu, Evaristo, alipanda peke yake. Nilipopasuliwa tumbo ili nipungue, aliniuguza kwa supu, kijiko kwa kijiko. Kabla sijapata nguvu, moyo wake ukasimama. Akazikwa kando ya binti yake.

Mchimba makaburi alinipokea maua, akanionyesha benchi pana la buluu mbele ya makaburi yao.

"Alilitengeneza mwenyewe, bibi. Nilikuwa namtania, 'Wewe mwembamba kama ufagio, benchi lote hili la nini?' Ananijibu, 'Mke wangu yuko njiani, anapumzika kidogo.'"

"Miaka yote hiyo?"

"Kila mwaka. Nikikaa upande wako, ananifukuza."

Upande mmoja rangi ilikuwa imechubuka hadi ubao ukaonekana. Upande wa pili uling'aa kama umepakwa jana.

Akaufuta vumbi kwa kofia yake, kisha akaniacha.

Nikakaa upande wangu. Ulikuwa mpana mno kwangu sasa. Nikasogea, nikasogea tena, mpaka nikafika pale palipochubuka.